Damu ya Kobe wa Cherotich

Kobe alikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshangaza Daktari Celine alipompokea kutoka mikononi mwa Rodah, kwa sababu asubuhi hiyo baridi ya Bomet ilikuwa inauma, na mnyama kama huyo huwa baridi kama jiwe alilolalia. Rodah alieleza kwamba kobe ni wa binti yake Cherotich, mwanafunzi wa chuo kule Kabianga. Cherotich alimwokota kwenye boma lililohamwa karibu na Mulot, na tangu amlete nyumbani kobe hajala kitu.

Celine alitoa damu kidogo shingoni mwa kobe, akaipaka kwenye kioo, akainamia hadubini. Akakaa pale muda mrefu. Akasafisha lenzi, akatoa damu nyingine, akaangalia tena.

"Mama Cherotich," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "chembe nyekundu za kobe ni ndefu kama mbegu, na kila moja ina kiini katikati. Hizi ni za duara na hazina kiini. Hii ni damu ya mtu."

Rodah alidhani vioo vimechanganywa. Celine akamwambia siku hiyo hakuna damu nyingine iliyoingia maabarani, kisha akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Rodah akamweleza habari za binti yake. Cherotich hakuwa mgonjwa hasa. Alikuwa tu na baridi isiyoisha. Kila asubuhi alitoka akakaa kando ya shamba la majani chai, shingo ameinyoosha, hasemi, mpaka jua limpate. Hospitali walimpima damu, wakasema imeharibika, eti chembe zake nyekundu zote zina kiini. Wakampima tena, wakasema vilevile.

Celine akavua glavu polepole. Alimwongezea kobe maji kwa sindano, akaeleza kwamba damu imekuwa nzito na figo zimeanza kuchoka.

"Fanya yote," Rodah alinong'ona, "lakini usikubali afe."

Rodah alipofika nyumbani na kobe kikapuni, binti alikuwa bado juani. Alinuka udongo mkavu uliodondokewa na mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

"Amekufa?" Cherotich aliuliza.

"Bado."

Cherotich akafumba macho, na Rodah akaona kope za chini ndizo zilizopanda juu, kama za kobe.

Alasiri hiyo akamwita Nyambeki, mwombezi wa kanisa lao. Nyambeki aliomba sebuleni huku mvua ya mawe ikipiga mabati, akaomba mpaka sauti ikamkauka, na kila alipolitaja jina la Yesu kile kikapu cha kobe kilitikisika mezani, na kutoka ndani yake, chini ya kelele za mabati, ikaja sauti nyembamba ambayo Rodah angeitambua hata kaburini, sauti ya mtoto wake alipokuwa mdogo akiogopa giza, ikisema, "Mama, niko huku, mama, ni baridi," na Cherotich, au yule aliyekaa kwenye kiti mahali pa Cherotich, akawa anacheka taratibu bila kufungua mdomo.

Nyambeki akamwamuru yule wa kwenye kiti atoke.

"Naweza kutoka," yule akajibu, "lakini nitatoka na mwili huu. Yeye atarudi wapi?"

Nyambeki akafunga Biblia. Alimwambia Rodah ataendelea kuomba akiwa kwake, akaondoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Mpaka sasa Celine huja na chupa za maji na sindano, na Rodah hulala na kobe kifuani. Asubuhi, yule mwenye sura ya Cherotich akienda juani husimama mlangoni na kumjulia hali mgonjwa kwa upole.

"Ameamkaje?"

"Vizuri," Rodah hujibu.

"Basi nitangoja. Sisi wawili hatuzeeki haraka, mama. Anayezeeka ni wewe."