Sweta la Misuko na Mwanga wa Dirishani

Nyumba ya Dobi ina vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele ni cha kazi. Kuna meza ndefu ya kupigia pasi, mabeseni matatu na kamba ya mashati. Karibu na dirisha hukaa mkewe, Mama Pacha. Yeye hufuma masweta. Watoto wao pacha wakishakwenda shule, mume na mke hufanya kazi na kutaniana mpaka mchana.

Wiki hiyo Mama Pacha alimaliza sweta la mtoto. Kifuani alifuma misuko miwili minene, kama nywele zilizosukwa. Mikononi aliweka vinundu vidogo vya uzi. Alifumua na kufuma tena mara nne mpaka moyo ukaridhika.

Mwenye duka mmoja, wa mji mwingine, alikuwa anatafuta mfumaji wa masweta ya watoto. Alimwambia Mama Pacha, "Nitumie picha nione kazi yako."

"Niachie mimi," alisema Dobi. "Nguo haipigwi picha kabla ya kupigwa pasi!"

Msimcheke. Mtu wa pasi huona makunyanzi kila mahali. Alilitandaza sweta mezani, akalikandamiza kwa pasi mpaka likawa bapa. Kisha akawasha taa ya simu, akasimama juu yake, akapiga picha.

Jibu lilikuja mchana. "Sweta ni safi. Lakini mimi nataka lililofumwa kwa mkono. Hili ni la mashine."

"La mashine!" alisema Mama Pacha. "Miaka kumi na moja nafuma, leo naambiwa mashine!"

"Si umwambie ni la mkono?"

"Nimemwambia. Anasema haoni mkono wowote hapo. Nisipomtumia picha nyingine kufikia keshokutwa, anampa kazi mtu mwingine."

Dobi akalichukua sweta, akaligeuza huku na huku.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, fundi wa kupiga plasta. Mtaani wanamwita Bi Mwiko, kwa sababu mwiko wake wa plasta haumtoki mkononi. Alikuja kuchukua ovaroli yake aliyoileta kufuliwa. "Mbona mmenuna? Kuna nini?"

Wakamwonyesha picha. Bi Mwiko akaitazama, akaangua kicheko.

"Shemeji, hapa umepiga picha gunia!"

"Dada, usiniaibishe mbele ya mke wangu."

"Umejiaibisha mwenyewe. Msuko unapigwa pasi? Lirudisheni majini lipumue. Halafu njooni hapa ukutani."

Akatoa tochi mfukoni. Akasimama mbele ya ukuta, akaumulika moja kwa moja. "Mnaona nini?"

"Ukuta laini," alisema Dobi.

Bi Mwiko akaiweka tochi pembeni, karibu kabisa na ukuta, mwanga ukapita juu yake. "Na sasa?"

"Lo! Ukuta una chunusi!"

Kweli, kila kinundu na kila mkwaruzo ulionekana.

"Ndivyo ninavyokagua plasta," alisema Bi Mwiko. "Mwanga wa mbele unaingia kila mahali, hauachi kivuli. Bila kivuli, jicho halijui kipi kimeinuka na kipi kimezama. Mwanga wa pembeni unapiga upande mmoja wa kinundu. Upande wa pili unabaki na kivuli. Taa ya simu yako inatoka mbele, shemeji, ndiyo maana imefuta misuko yote."

"Kwa hiyo nitumie tochi?" aliuliza Mama Pacha.

"Ya nini, na dirisha unalo? Zima taa ya simu. Weka sweta kando ya dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni. Ligeuze polepole mpaka uone vivuli."

Mama Pacha alilifua sweta kwa mkono mwepesi, akalilaza juu ya taulo. Lilipokuwa bichi, aliinua misuko kwa vidole. Siku ya pili lilikuwa limekauka, nayo misuko imesimama vizuri.

Asubuhi iliyofuata walilitandaza kwenye ubao kando ya dirisha. Picha ya kwanza haikufaa, maana Dobi alisimama akaziba mwanga.

"Baba Pacha, hebu sogea! Wewe si pazia."

Mama Pacha akaugeuza ubao kidogo, kisha kidogo tena. Misuko ikajitokeza. Lakini upande wa mbali na dirisha ulikuwa na giza. Dobi akachukua shati jeupe kambani, akalishika upande ule. Weupe wake ukarudisha mwanga kidogo, giza likapungua.

"Usitikisike," alisema Mama Pacha. Akapiga picha mwenyewe, akaituma.

Hazikupita dakika kumi, simu ikalia. Ni mwenye duka.

"Mama, nisamehe sana. Nimejikuta napapasa kioo cha simu nikidhani nitaushika uzi! Anza na masweta ishirini."

Dobi akarusha shati juu kwa furaha. Mama Pacha akamnyamazisha kwa mkono, kwa sababu mwenye duka alikuwa bado anaongea.

"Nina swali moja. Msuko wa namna hii sijauona popote. Nani alikufundisha?"

"Hakuna," alisema Mama Pacha. "Nimeubuni mwenyewe."

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza.