Jina la Mtu wa Nuu

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni, hata chai iliyofanya utando siinywi. Lakini dada yangu Kalekye alipojifungua mvulana, mwezi wa nne, nilifua nepi zake zote bila kukunja uso. Tuliketi uani kwetu Mukuyuni, tukachambua pojo, tukamcheka mtoto kwa masikio yake makubwa.

Siku ya tatu akaanza kulia, akakataa titi. Tukampeleka hospitali ya mjini Wote, wakampima, wakasema hana ugonjwa. Susu Kavata, nyanya yetu, akasema tunajisumbua bure. Sisi Wakamba tunamjua mtoto wa namna hiyo: kuna mtu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Unamwita mtoto majina ya waliokufa, moja moja, na likifika lenyewe hunyamaza na kunyonya.

Susu akamwita Kimeu. Akamwita Mutisya. Akawamaliza wafu wetu wote, na mtoto akazidi kukauka.

"Amebaki mmoja tu," Susu akasema. "Ule alizaa baba ya mume wangu. Alitoka Nuu, na hakuna mtu hapa alijua jina yake. Walikuwa wanamwita tu mtu wa Nuu."

"Na yeye mbona hakusema?" nikauliza.

"Mimi nitajua aje?"

Kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi niliyesoma. Orodha za wakoloni za upande wa Nuu ni chache, na zilizobaki zimeliwa na mchwa. Mwishowe nikaelekezwa kwa Mzee Othman, Kitui mjini. Babu yake alikuwa karani wa jela enzi za Mwingereza, akaacha daftari moja sandukuni. Ukurasa wa saba tukampata: *Mbaluka, wa Nuu. Akitoka asirudi kwao, apelekwe Mukuyuni. Kosa: kula.*

"Kula nini?" nikauliza.

Mzee Othman akatazama mlango, akanong'ona. "Zamani zile watu wenu wengi hawakuzikwa, walilazwa kichakani. Babu alisema huyu alikutwa huko mchana kweupe. Fisi wamekaa kando, wanamngoja amalize."

Nilitema mate pale pale kizingitini pake, aibu tupu.

"Hilo jina liache humu humu, binti yangu."

Ningeliachaje? Mtoto alikuwa na siku kumi na moja, anaishi kwa matone ya maziwa ya kijiko, na utosi umebonyea. Nikarudi nalo, nikadanganya kwamba mwenye jina alikuwa mpagazi wa serikali.

Susu akainama sikioni. "Mbaluka."

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa. Akashika titi. Wanawake wakapiga vigelegele, Kalekye akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa karibu, nikaona. Hakuwa ananyonya. Alikuwa anatafuna. Fizi tupu, taratibu, macho wazi. Na pumzi yake ilinuka nyama iliyosahaulika sufuriani. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo.

Susu naye aliinusa. Kesho yake akanivuta kando.

"Huyo mtu alikuwa nani?"

Nikamwambia yote. Akaingia ndani, akamwita mtoto Kimeu tena. Midomo ya mtoto ikawa bluu. Akaacha kupumua. Susu akamrudishia jina la Mbaluka haraka haraka.

Basi tukamlea hivyo hivyo. Akanenepa, Kalekye akakonda. Alinichukiza, nasema waziwazi, naye ni damu ya dada yangu. Kila nikimbeba nilijipangusa mikono kwa majivu.

Mwezi jana Susu alifariki usingizini, tukamzika mwisho wa shamba. Siku ya tatu nilikuwa nimempakata mtoto, mtoto asiyejua hata kutambaa. Akatapika mapajani mwangu. Hayakuwa maziwa. Kulikuwa na kitu kigumu. Ukucha. Wa mtu mzima. Mnene, wa manjano, na udongo mwekundu umeganda chini yake.

Nilimwacha kwenye mkeka, nikakimbia kaburini. Udongo haukuwa umeguswa. Hata kuku hawakuwa wamepachakura.

Niliporudi, Kalekye alikuwa amempakata, anampangusa mdomo kwa pembe ya leso, anatabasamu.

"Ameshiba huyu," akasema. "Tangu tuzike Susu, hata titi hataki."