Ua Lililotazama Chini

Kila alasiri, chuo cha Kurani kikitawanyika, Koulthoum alipita vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, hadi dukani kwa mjomba wake, Mbaé. Kazi yake ilikuwa kubandika vibandiko kwenye chupa. Kila kibandiko kilikuwa na picha ya ua na maneno "Maji safi ya waridi, Mutsamudu". Aliipenda kazi hiyo, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuvumilia kitu kikae upande.

Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na chupa nyingine. Hizo Mjomba alizijaza mwenyewe, mlango umefungwa, kutoka kwenye madumu aliyouziwa na mpishi wa kambi ya mamluki, wale askari wa Kizungu waliotamba Moroni siku hizo kana kwamba mji ni wao. Zilinuka! Harufu ilimpanda Koulthoum puani, ikamkaa kooni, akataka kutema mate.

"Hizi zibandike ua likitazama chini," Mjomba alimwambia. "Wenyewe watazijua."

"Ni pombe, Mjomba?"

"Ni biashara. Funga mdomo wako."

Akaufunga. Akirudi nyumbani alisugua mikono kwa sabuni, na bado aliona kinyaa kula kwa vidole vile. Siku moja yale maua yaliyopinduliwa yalimkera macho. Gundi ilikuwa bado mbichi, akayageuza yote yakakaa sawa, kisha akaenda zake bila kusema neno.

Ijumaa hiyo kulikuwa na maulidi nyumbani kwao. Mjomba, ambaye mbele za watu alipenda kuonekana mkarimu, alichukua dukani chupa moja yenye ua lililokaa sawa, akaileta kama maji ya waridi. Mama yake Koulthoum, Bi Hadjira, alikuwa ametengeneza sharubati ya maziwa. Watoto walijipanga na vikombe, Soidri, mdogo wake Koulthoum, akiwa wa kwanza. Mama akazibua chupa ili atie maji ya waridi kwenye sharubati. Moshi wa ubani ulijaa chumba kizima, hakuna aliyesikia harufu nyingine, ila Koulthoum. Pua yake ilikwisha kuijua harufu ile.

Alimtazama Mjomba. Alimtazama Soidri.

"Mama, usimimine! Hayo si maji ya waridi. Ni pombe!"

Bi Hadjira alinusa, uso ukamkunjamana. "Astaghfirullah!"

"Mtoto amekosea kubandika," Mjomba alisema haraka.

"Ndiyo, nimekosea," Koulthoum alijibu, machozi yakimlengalenga. "Wewe ulitaka ua litazame chini, mimi nikaligeuza."

Fundi Toihir, mwalimu wao wa chuo, alisimama, akasema jambo hilo litafika kwa wazee.

Kesho yake Mjomba alimwaga madumu na chupa zote za pombe mbele ya wazee, na uvundo ukatanda uani. Koulthoum alipewa beseni la maji abandue vibandiko. Fundi Toihir akaketi karibu naye.

"Kibandiko ni ushahidi, binti yangu," alisema. "Hata huko kwa wanaokunywa pombe kuna sheria. Pombe huandikwa pombe, na nguvu yake huonyeshwa, na mtoto hauziwi. Mjomba wako hakufika hata hapo. Aliipa jina la kitu tunachowanyunyizia wageni wetu."

"Lakini mimi nilisema, Fundi."

"Ulisema, na Mungu akulipe. Ila ulijua tangu ulipoinusa mara ya kwanza, ukabandika. Safari nyingine usingoje mpaka kikombe kiwe mkononi mwa mdogo wako."

Koulthoum aliinama, akaendelea kubandua.