Dola Tano za Kila Mtu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuendesha basi la shule, Lorraine Thibodeau alifungua bomba la jikoni na kunusa. Maji ya kisima chao yalinuka mayai viza tangu kampuni ya taka ilipopanua dampo lake kilimani. Kahawa waliichemsha kwa maji ya dukani. Kuoga, walioga ya kisimani hivyo hivyo na harufu yake.

"Mwambie mbunge," mumewe Armand alisema.

"Nimemwandikia. Nimempigia. Hana habari na sisi!"

Jirani yao, Bi Winifred, alikuwa mezani anamenya viazi kana kwamba ni kwake. Alikuwa karani wa mji kabla ya kustaafu. Alicheka.

"Mabango yake ya kampeni analipia nani? Kampuni ya dampo na rafiki zake. Si hongo, sheria inaruhusu. Lakini anayekuweka kwenye kiti ndiye unayemsikiliza kwanza."

"Kwa hiyo tuhame?"

"Ugombee wewe."

Armand nusura apaliwe na kahawa. "Huyu? Kwa pesa gani?"

"Hapa jimbo la Maine ipo njia. Mgombea anaomba dola tano tano kwa wapiga kura wa eneo lake. Akifikisha idadi inayotakiwa, jimbo linamlipia kampeni kutoka mfuko wa umma. Yeye naye hachukui tena pesa ya kampuni wala ya tajiri. Sheria hiyo tuliipigia kura wenyewe."

"Na kampuni itanyamaza?" Lorraine aliuliza.

"Thubutu! Bado inaweza kulipia matangazo yake yenyewe. Ila wewe hutakuwa mtu wao."

Lorraine aliona haya kuomba watu pesa. Lakini maji yale yalimchosha kuliko aibu hiyo. Jumamosi, watu walipokusanyika ukumbi wa kanisa kula maharage ya kuoka kama kawaida yao, alipita meza za upande mmoja akiomba dola tano na sahihi. Armand alipita za upande wa pili. Kabla maharage hayajapoa, idadi ilitimia. Lorraine hakuamini.

Kesho yake Bi Winifred alikagua majina.

"Armand, Mzee Leopold Gagnon alikupa dola tano kwa mkono wake?"

Masikio ya Armand yaliiva kwa aibu. "Pensheni yake ndogo, Bi Winifred. Nilimtolea mimi. Na wengine kadhaa. Wao walitia sahihi tu. Nimekosea?"

"Umekosea sana, mwanangu. Pesa itoke mfukoni mwa mpiga kura mwenyewe. Ukimtolea, umenunua jina lake. Kampuni nayo ikiruhusiwa kufanya hivyo, si itanunua mji mzima?"

Majina yale yalifutwa. Idadi ikapungua, na siku ya mwisho ya kupeleka majina ilikuwa kesho yake. Lorraine alimfokea mumewe mpaka sauti ikakauka. Kisha alivaa koti, akaenda kwa Mzee Leopold. Alimweleza yote bila kuficha.

Mzee alimkazia macho. "Nani kakwambia sina dola tano?"

"Samahani, mzee. Tulidhani—"

"Mlidhani! Mumeo alikuja akasema, tia sahihi hapa. Hakuniomba. Miaka yote hii hakuna mwanasiasa aliyeniomba kitu zaidi ya kura." Aliingia ndani, akarudi na noti. "Shika. Na ujue, kuanzia leo mimi ni bosi wako."

Lorraine alicheka huku machozi yakimlenga. Nyumba zote za majina yaliyofutwa zilikuwa hivyo hivyo. Watu walikuwa nazo dola tano, hawakuwa wameombwa tu. Usiku huo idadi ilitimia tena, akalala moyo umejaa shukrani asiyojua kuisema.

Kampuni ilibandika mabango dhidi yake kila kona. Alishinda kwa kura chache. Bungeni haikuwa rahisi, lakini yeye na wenzake walipitisha sheria: dampo likiharibu visima, mwenye dampo analipia maji safi.

Mabomba mapya yalipofika mtaani kwao, Armand alikunywa glasi nzima bila kupumua, akajaza ya pili. Lorraine alizunguka nyumba kwa nyumba kushukuru. Alipofika kwa Mzee Leopold, mzee alikuwa kibarazani.

"Nimekuja kukushukuru, mzee. Bila nyinyi nisingefika popote."

"Shukrani nimeipokea. Sasa, hii barabara. Umeona mashimo yake?"

"Nimeyaona."

"Na wale mafundi wa bomba wamenikanyagia maua yangu. Halafu basi la wazee siku hizi halipiti huku. Halafu..."

Mbunge wa kabla yake asingekaa kusikia hata la kwanza. Lorraine alivuta kiti, akakaa karibu na bosi wake.

"Endelea, mzee," alisema. "Nakusikiliza."