Spika za Baba Mdundo

Majirani zangu mnaopenda vyombo vya kutikisa madirisha, leo nawasema ninyi, na msinune.

Nyumba ya pili kutoka kwangu ilikuwa na raha yake. Kila Jumapili jioni Bibi aliketi mbele ya kompyuta ya mwanawe, fundi rangi, akaongea na binti yake anayefanya kazi ng'ambo. Walicheka mpaka na mimi huku jikoni nacheka nisichokijua.

Basi spika za kompyuta hiyo zikafa. Fundi rangi akaenda kutafuta nyingine za bei nafuu, na sikilizeni alivyozipima: alipiga muziki, akaweka glasi ya maji mezani, na zilizoichezesha glasi ndizo alizobeba. Mtaa ukamwita Baba Mdundo. Kichwa kikamvimba.

Jumapili binti alipopiga, yakatoka maneno mazito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Mwanangu, simsikii dada yako," Bibi akasema.

"Mama, spika hizi ni moto. Ni masikio yako tu, umri umekwenda."

Akaongeza sauti, ukaongezeka mngurumo. Bibi akainuka kitini, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakutoka chumbani, na chakula akawa anakigusagusa tu. Mkamwana wake aliponieleza, niliumia jamani.

Huyo mkamwana ndiye aliyemburuta mumewe wampeleke Bibi hospitali. Daktari akampima, akacheka. "Mama huyu anasikia vizuri kuliko wewe."

Baba Mdundo akatazama viatu vyake. Kutoka hapo wakaenda dukani, na safari hii Bibi mwenyewe akaombwa achague. Mkamwana akatoa simu, akamwomba muuzaji apitishe kwenye spika ujumbe wa sauti wa yule binti. Bibi akafumba macho. Zile kubwa akazikataa moja baada ya nyingine. Mwishowe ikaunganishwa jozi ndogo, ya bei ya chini kabisa.

"Mama, umekula?"

"Bado, mwanangu," Bibi akaijibu spika. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Baba Mdundo akajifuta macho, akasema ni rangi imemwingia. Siku hiyo hata hakwenda kazini.

FUNZO

Usipime spika kwa kishindo. Weka sauti ya mtu unayemjua, usikilize kama ni yeye kweli. Na mzee wako akisema hasikii, kagua kwanza chombo chako, ndipo uyaseme masikio yake. Bibi alikuwa karibu kumpoteza binti aliye hai, kwa sababu ya glasi ya maji.