Sweta ya Kahawia ya Nyanya Syombua

Zamani, kabla stima haijafika Katangi, nyumba ya kina Kitonga ilikuwa nyumba ya kazi ya mkonge. Kila jioni mama yake, Syombua, aliketi mlangoni, miguu ameinyoosha, akisokota juu ya paja nyuzi za kusukia vyondo, vile vikapu vya mkonge. Alivaa sweta ya kahawia, iwe jua, iwe baridi. Kitonga alikuwa akilaza shavu kwenye mkono wa sweta ile, akisikiliza nyuzi zikikwaruza ngozi, mpaka usingizi unamchukua.

Mama alipofariki, sweta ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyeigusa kwa miaka minne.

Mwaka wa 2001, Kamanthe, mke wa Kitonga na mama wa binti yao Nzisa, alianza kushona wanasesere wa vitambaa. Mwalimu Lavender wa shule ya chekechea akaagiza kumi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuagiza kazi ya mikono ya Kamanthe. Alifurahi mpaka akaunguza ugali.

"Nywele utawawekea za nini?" Kitonga aliuliza.

"Sijui. Za saluni ni bei kali."

"Si mkonge upo? Mama alitia vyondo rangi miaka thelathini. Nani alilalamika?"

Basi wakachemsha mkonge katika rangi nyeusi ya vyondo, wakaushona kichwani. Wanasesere walipendeza. Kamanthe aliwapeleka siku ya Jumatatu.

Jumanne Mwalimu Lavender aliwarudisha wote ndani ya mfuko. Mkononi alishika shati jeupe la mtoto. Kola ilikuwa na madoa meusi.

"Mama Nzisa, usikasirike," alisema. "Mtoto alinyonya nywele, mdomo ukawa mweusi. Mwingine amedungwa na mkonge karibu na jicho. Ijumaa ni siku ya wazazi. Wanasesere wasipokuwa tayari, nitanunua wa plastiki mjini."

Kamanthe aliupokea mfuko. Hakumlaumu mumewe, na hilo ndilo lililomuuma Kitonga zaidi.

Akaondoka moja kwa moja hadi saluni ya Mwihaki, jirani yao.

"Nipatie nywele za bei ya chini."

"Za kichwa gani, Baba Nzisa? Chako kilishapata upara."

Kitonga hakucheka. Alimweleza yote. Mwihaki akaweka kitana chini.

"Ningekuuzia, halafu ungerudi kunitukana. Njoo nje."

Nyuma ya saluni, mbali na watoto, aliwasha kiberiti akachoma unywele mmoja wa kusukia. Ulijikunja, ukawa tone gumu jeusi.

"Umeona? Ni plastiki. Tena zinateleza. Zinachomoka moja moja, mtoto anameza."

"Na mkonge una shida gani? Vyondo vya mama vinadumu mpaka leo."

"Kiondo kinabeba viazi, Baba Nzisa. Hakilali na mtoto. Hakinyonywi. Tafuteni uzi wa sweta. Huo nao mara nyingi ni plastiki, kwa hivyo jiko likae mbali. Lakini ni laini, na ukifungwa hauchomoki."

"Uzi mpya ni bei."

"Nani amesema mpya? Nunua sweta kuukuu ya mitumba, ufumue."

"Siku ya soko ni Jumatatu! Mwalimu anawataka Ijumaa!"

Mwihaki alirudi ndani kuweka kiberiti. Akafunga saluni, wakaenda pamoja nyumbani.

Kamanthe alikuwa akikata nywele za mkonge kwa makasi. Kitonga alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa sweta kwenye msumari.

"Hapana, Baba Nzisa," Kamanthe alisema. "Hiyo ni ya mwaitu, ya mama."

"Mama hakuwahi kukaa bure hata siku moja. Sisi tumemkalisha hapa miaka minne."

"Ipime kwanza," Mwihaki alisema, maana alikuwa mtu wa kazi. "Isugue shavuni."

Kitonga aliisugua. Haikuchoma. Kwa muda kidogo hakuiondoa shavuni, na wanawake wakaangalia pembeni.

Waliiosha kwa maji ya moto na sabuni. Sweta nyingine hunywea, hii haikunywea. Wakaifinya ndani ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki cheupe.

Kesho yake ilipokauka, Kamanthe alikata mishono, akaanza kufumua. Uzi ulitoka umejikunja mawimbi mawimbi. Akataka kuunyoosha kwa pasi.

"Acha!" Mwihaki alisema. "Kwani nywele za Nzisa zimenyooka?"

Kamanthe alimtazama binti yake, akacheka. Walishona kila fungu la uzi ndani ya kitambaa cha kichwa, wakalifunga fundo, kisha wakalivuta kwa nguvu. Lililotoka lilishonwa upya. Nywele waliziacha fupi, zisizidi kidole, zisije zikamzonga mtoto shingoni. Kitonga mwenyewe ndiye aliyevuta. Hakumwonea huruma mwanasesere yeyote.

Ijumaa, mbele ya wazazi, Mwalimu Lavender alilowesha leso yake nyeupe, akasugua kichwa cha mwanasesere. Leso haikubadilika rangi. Akavuta nywele. Hazikutoka.

"Mama Nzisa, hizi umezitoa wapi? Shule ya Mwala wataniuliza, nao wanataka ishirini."

Kamanthe alifungua mdomo, akamtazama mumewe. Kitonga alikuwa akiangalia kwingine, kule kwa watoto. Msichana mdogo wa chekechea alikuwa ameketi mkekani na mwanasesere mmoja. Aligusa nywele za mwanasesere, akagusa zake, akagusa tena za mwanasesere. Halafu akalaza shavu lake juu ya kile kichwa cha kahawia, akafumba macho.

Jumatatu Kitonga aliamkia sokoni na kitambaa cheupe kilicholowa maji. Muuza mitumba alimuuliza kama amekuja kununua au kupiga deki. Kitonga alisugua sweta moja baada ya nyingine, akachagua mbili nyeusi na moja ya kahawia. Alifika nyumbani, akazitundika kwenye msumari uleule.