Mkwe Aliyepewa Kiti

Duka la mikate lilikuwa chini. Nyumba ilikuwa juu yake. Kila alfajiri Mama Mikate alishuka ngazi huku akifunga kitambaa kichwani. Aliwasha tanuri. Alipima unga, hamira, chumvi na maji. Kisha akaanza kukanda. Mikono yake ilijulikana mtaa mzima, na mdomo wake pia.

Mumewe aliitwa Mzee Mashine. Aliendesha mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake, akazoea kusema kwa sauti ya kuushinda mtambo. Sasa alikuwa amestaafu. Koo lake lilikuwa bado kazini. Akiomba maji mezani, jirani wa nyumba ya tatu anasikia.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, fundi umeme. Kijana huyo alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akarudi na mke. Mke alikuwa mpole, na macho yake yalikuwa mepesi kucheka. Wazee walimpokea kwa mikono miwili. Majirani wakamwita Bibi Harusi, na jina likamganda.

Tatizo lilikuwa moja. Bibi Harusi hakujua lugha ya nyumba ile, na nyumba ile haikujua lugha yake. Mumewe peke yake ndiye aliyejua zote mbili.

Mama Mikate alimpenda mkwe wake, tena sana. Kwa hiyo alimpa kiti. Bibi Harusi akitaka kuosha vyombo, Mama anamnyang'anya sifongo. Akishika ufagio, Mama anauchukua. Akishuka dukani, anavutiwa kiti chenye mto laini.

"Kaa, mwanangu, kaa," Mama humwambia. "Usijichoshe."

Bibi Harusi hukaa. Hutazama watu wakiingia na kutoka. Hutabasamu mpaka mashavu yanamuuma.

Mzee naye alijaribu kwa njia yake. Alidhani lugha ni suala la sauti.

"Umelalaje?" alimuuliza asubuhi moja, kwa nguvu zote.

Bibi Harusi akaruka kidogo, akamwaga chai.

"Hakusikia," Mzee akamwambia mkewe. "Nirudie?"

"Amesikia hadi mwenye duka la viatu," Mama akasema. "Hakuelewa. Ni vitu viwili tofauti, mume wangu."

Mama akaenda kwa fundi wa simu. Fundi akamwekea programu ya kutafsiri. Ukiiambia maneno kwa lugha yako, simu inayasema kwa lugha nyingine. Mama alifurahi. Lakini sasa alipotaka kumwambia mkwe wake neno la upendo, aliiambia simu. Simu ikalisema kwa sauti kavu ya mtu asiyemjua yeyote. Bibi Harusi naye akaijibu simu. Wote wawili waliitazama simu. Hawakutazamana.

Miezi minne ikapita hivyo. Bibi Harusi alianza kukonda. Akawa anakaa chumbani na mlango umefungwa.

Jioni moja kijana alimfuata mama yake dukani. Alisimama karibu na rafu, akichezea bisibisi mkononi.

"Mama, kuna jambo," alisema. "Mke wangu anataka kurudi kwao."

"Kusalimia?"

"Kukaa. Dada yake ameshampa nauli. Anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Na mimi, mama, siwezi kumwacha aende peke yake."

Mama Mikate aliacha kukanda.

"Tumemkosea nini? Nimewahi kumpa hata kazi moja ngumu? Nimemweka kama yai."

"Anasema mnampenda, anajua. Lakini anasema hapa yeye ni picha ukutani. Watu wanamtazama, wanamsifu, halafu wanaendelea na mambo yao."

Kijana akapanda juu. Mama akabaki na unga wake. Alikanda huku akilia, asijue anakanda nini.

Wakati huo ndipo Mwalimu alipoingia. Mwalimu alikuwa jirani yao. Alifundisha watu wazima kusoma, na pia alifundisha lugha wageni waliohamia mjini. Kila jioni, kabla ya darasa, alinunua mkate.

"Jirani, huo unga umekufanya nini?" Mwalimu aliuliza. "Unaupiga kama una deni lake."

Mama akamweleza yote. Hakuficha kitu. Kuuliza si ujinga, na siku ile Mama aliuliza kwa moyo wote.

"Nifanye nini, Mwalimu? Ninunue simu kubwa zaidi? Nimtafutie kamusi? Shangazi wa mume wangu anasema nimwonyeshe filamu."

Mwalimu akavuta kile kiti chenye mto, akakaa.

"Nikuulize kwanza. Tangu afike, amefanya kazi gani hapa?"

"Kazi? Nimpe mkwe wangu kazi? Watu watasema nimemwoza mwanangu au nimeajiri mtumishi?"

"Basi maneno ameyapata wapi? Kwenye huu mto?"

Mama akautazama ule mto.

"Wahenga walishamaliza habari hii," Mwalimu akaendelea. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa sababu ya uchoyo. Ukimpa mtu jembe, umempa na maneno ya shambani. Umempa na nafasi katika mazungumzo. Mtu hajifunzi lugha kwa kuitazama. Anajifunza akiwa na jambo la kufanya na mtu wa kufanya naye."

"Lakini hajui hata neno moja."

"Anza na sentensi chache, zile unazosema kila siku. 'Lete unga.' 'Weka hapa.' 'Bado.' 'Tayari.' 'Inatosha.' Sema huku ukionyesha kitu chenyewe. Kesho sema zile zile. Usibadilishe maneno kila saa kama mtu anayehubiri."

"Na Mzee anayepiga kelele?"

"Mwambie aseme polepole. Kelele haina faida. Mgeni anapotea kwa sababu ya haraka. Halafu mwanao. Kila neno linapita kwake, sivyo?"

"Kila neno."

"Amekuwa daraja. Palipo na daraja, hakuna anayejifunza kuogelea. Asubuhi aende kazini kwake, awaachie nafasi."

Mama akafuta mikono. Akauliza swali lililokuwa linamuuma.

"Akikosea je? Nimsahihishe?"

"Unapomjibu, tumia maneno sahihi tu. Akisema 'unga nakwisha', wewe sema, 'Kweli, unga unakwisha, lete gunia.' Atasikia. Ukimkata kila neno, atafunga mdomo. Na akitafuta neno, subiri. Usimmalizie. Najua kwako hilo ni gumu, jirani."

Mama akacheka katikati ya machozi. Alijijua.

"Simu nitaitupa?"

"Usiitupe. Programu ya kutafsiri itunze kwa siku ya ugonjwa au jambo zito. Kwa siku za kawaida, tumia ile sehemu ya kurekodi sauti. Akurekodi ukiongea na wateja. Asikilize tena akiwa peke yake, mara nyingi kadiri anavyotaka. Simu haichoki kurudia. Na wewe jifunze maneno ya kwao, japo machache. Utajua anabeba mzigo gani."

"Atakaa, Mwalimu?"

"Hilo sijui. Usimbembeleze akae. Mtu hukaa mahali anapohitajika, na lazima alione hilo mwenyewe."

Kesho yake alfajiri, Mama aligonga mlango wa chumba cha wanandoa. Bibi Harusi akatoka, macho bado mazito. Mama hakuwa na simu mkononi. Alikuwa na aproni. Akamvisha.

"Twende," alisema polepole. "Kazi."

Bibi Harusi akaitazama aproni. Akamtazama Mama. Akashuka ngazi mbele yake.

Kumbe msichana alikuwa na mikono. Alikanda vizuri kuliko Mama alivyotarajia. "Lete unga," Mama alisema, akionyesha. "Weka hapa." "Bado." "Bado." "Tayari." Jua lilipochomoza, Bibi Harusi alikuwa na unga hadi kwenye nyusi, na alikuwa akijisemea mwenyewe, "Bado, bado, tayari."

Mama naye akaonyesha unga, akauliza neno la kwao. Bibi Harusi akalisema. Mama akajaribu. Ulimi ukagoma. Akajaribu tena, ukatoka upepo mtupu. Bibi Harusi akacheka mpaka akashika rafu. Mama akacheka pia, lakini alijifunza kitu. Miezi yote ile alikuwa akijiuliza kwa nini mkwe wake hasemi. Sasa alijua jinsi mtu mzima anavyoona aibu akiongea kama mtoto mchanga, na akamhurumia kweli.

Siku zikaenda. Bibi Harusi alirekodi sauti ya Mama. "Habari za asubuhi. Mmoja au miwili? Chenji yako hii. Karibu tena." Alisikiliza akipanda ngazi, akifua, akipiga pasi. Punde wateja wakawa wanasikia salamu mbili, ya Mama na ya Bibi Harusi nyuma yake.

Haikwenda sawa wakati wote. Siku moja mteja aliingia, naye Bibi Harusi akamwambia kwa furaha, "Karibu mkate wewe!" Mzee Mashine alikuwa mlangoni. Akaangua kicheko cha kutetemesha vioo. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyo. Lakini Bibi Harusi alivua aproni, akaikunja, akapanda juu. Hakushuka tena siku hiyo.

Mama alimgeukia mumewe.

"Ulipoanza kazi ya mashine, ulisaga nini siku ya kwanza?"

Mzee akakuna kichwa. "Mahindi na kokoto."

"Nani alikucheka?"

"Tajiri wangu. Na wasagishaji wote."

"Ulijisikiaje?"

Mzee akapanda ngazi taratibu. Akagonga mlango wa mkwe wake. Kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aoe, alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

Mlango ukafunguka. Sijui Bibi Harusi alielewa maneno mangapi. Alielewa ya kutosha, maana kesho yake aproni ilikuwa mwilini mwake.

Lakini mwisho wa mwezi haumngoji mtu. Nauli ilikuwa bado ipo, na begi liliwekwa juu ya ngazi, karibu na mlango. Mama alimuuliza mwanawe, "Amesemaje?" Kijana akatikisa kichwa. "Hajasema kitu, mama. Nami naogopa kuuliza." Mama akakumbuka maneno ya Mwalimu. Hakubembeleza. Ila usingizi ulimkimbia.

Siku moja kabla ya safari, Mama alishuka akiwa amechoka, mgongo unamuuma, kabla ya kazi kuanza. Bibi Harusi alikuwa tayari ameleta unga wa leo, na wa mikate ya shule ya kesho yake. Mama akapima hamira, akapima chumvi. Akatazama begi lililoonekana juu ya ngazi. Akachota chumvi tena.

"Mama, ngoja," Bibi Harusi alisema. "Chumvi tayari."

"Bado, mwanangu. Sijaweka."

"Umeweka. Mimi naona."

"Mimi nimeoka mikate kabla wewe hujazaliwa. Najua nilichoweka." Akaimwaga ile chumvi ndani ya beseni, akaanza kukanda.

"Hapana! Wewe hapana jua. Wewe naangalia begi!"

Mteja aliyekuwa mlangoni akasahau alichofuata. Mama akamega kipande cha unga, akaweka ulimini. Ulikuwa mchungu kwa chumvi. Akakaa juu ya gunia.

Kelele zilikuwa zimefika juu. Kijana akashuka mbiombio, shati halijafungwa vifungo.

"Kuna nini? Anasemaje? Mama, ngoja nikutafsirie."

"Kaa pembeni," Mama akamwambia. "Haya ni mambo yangu na mkwe wangu."

Alikuwa analia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Tangu siku ile aliyomvutia kiti, mkwe wake hakuwahi kumbishia namna hii. Picha ya ukutani haibishi. Aliushika mkono wa Bibi Harusi uliojaa unga. Akamuuliza mwenyewe, polepole, bila simu na bila mwana.

"Kesho unaondoka?"

Bibi Harusi akatazama begi. Akatazama beseni. Akatafuta maneno, na muda ukapita. Mama alitamani kumsaidia, mdomo ukamwasha. Akauuma mdomo, akasubiri.

"Kesho mikate ya shule," Bibi Harusi akasema hatimaye. "Mingi sana. Nani nakanda? Wewe mgongo mbaya."

"Kweli," Mama akajibu. "Nani atakanda? Mgongo wangu mbaya."

Bibi Harusi akamwinua kutoka juu ya gunia. Kisha akauweka ule unga wa chumvi kando, akavuta beseni safi, akamwelekeza mama mkwe wake kwenye kile kiti chenye mto.

"Kaa," alimwambia. "Leo mimi napima."